Ngogwe Yangu Haimo Kwenye Lebo: Mwongozo wa Kuombea Mazao Yetu Madogo Dawa Halali Nchini Marekani

Majani ya ngogwe yalikuwa yametobolewa matundu madogo madogo, kama kitambaa kilichorukiwa na cheche za jiko. Ukigusa shina, vimende vyeusi vinavyolingana na punje ya ulezi vinaruka kama viroboto. Mama mwenye shamba ni Mrundi aliyekulia kambini mkoani Kigoma, na sasa analima robo ekari katikati ya Marekani. Alikuwa ameshika chupa ya dawa aliyoinunua dukani. Akaninyooshea: "Nisomee, mwanangu. Intore zangu zimo?"

Nikasoma orodha ya mazao mara mbili. Nyanya imo. Pilipili imo. Bilinganya imo. Ngogwe, ambayo Warundi huiita intore na Watanzania wengine nyanya chungu, haikutajwa popote.

Kwa Marekani, lebo ya dawa ni sheria. Ukipulizia zao lisilotajwa umevunja sheria ya nchi nzima. Mboga zako zikipimwa na kukutwa na mabaki ya dawa ambayo haijawekewa kiwango kwa zao hilo, zinahesabiwa kuwa chakula kisichofaa kuuzwa, hata mabaki yawe kidogo kiasi gani. Mama yule aliirudisha chupa kwenye mfuko. Wadudu wakaendelea kula.

Nimeandika haya kwa ajili ya wakulima wanaozungumza Kiswahili katika mashamba ya jamii na mashamba madogo ya huku, Wakongo, Warundi, Wabantu wa Somalia, Wakenya na Watanzania, na kwa ajili ya watoto wao ambao mara nyingi ndio wanaojaza fomu za Kiingereza. Orodha iliyo kwenye lebo inaweza kubadilishwa. Zipo njia za kufanya hivyo, na kwa njia iliyo muhimu kuliko zote mkulima halipi hata senti.

Kwa nini zao letu halimo

Kabla dawa haijaruhusiwa kwa zao la chakula, Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani, EPA, hutaka vipimo vya mabaki yanayobaki kwenye zao hilo baada ya kupulizia. Majaribio hayo hufanywa mashambani katika maeneo mbalimbali, sampuli hupelekwa maabara, na kila hatua huandikwa kwa utaratibu mkali. Ni gharama kubwa. Kampuni italipa kwa hiari kwa ajili ya mahindi, kwa kuwa mahindi hulimwa huku kwenye zaidi ya ekari milioni 80. Kwa ngogwe hailipi, maana mauzo ya dawa kwenye ngogwe za nchi nzima hayarudishi gharama hiyo.

Sheria yenyewe inalitambua tatizo hili. Zao linalolimwa chini ya ekari 300,000 nchi nzima linahesabiwa kuwa la matumizi madogo. Humo wameingia matunda mengi, mboga nyingi, viungo na maua. Mwaka 1963 vituo vya utafiti wa kilimo vya majimbo vilianzisha mradi unaoitwa IR-4 ili kufanya majaribio ambayo kampuni haziyafanyi, kwa fedha za umma. Makao yake sasa yako Chuo Kikuu cha North Carolina State, mjini Raleigh. Jina hilo, IR-4, litajitokeza mara nyingi hapa chini. Likariri.

Hatua ya kwanza: hakikisha kweli zao halimo

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na ndipo nitakapokaa kwa muda mrefu.

EPA haipimi kila mboga peke yake. Imeyapanga mazao katika makundi, na ndani ya kundi huchagua mazao machache ya kuwakilisha mengine. Dawa ikipimwa kwenye hayo machache, kundi zima linaweza kupewa kiwango cha mabaki. Kila kundi lina namba, na tarakimu mbili za mwisho, pale zilipo, zinaonyesha mwaka ambao orodha ilipanuliwa. Usizipuuze tarakimu hizo.

Tuanze na ngogwe. Kundi la 8 la zamani la mboga za matunda lilikuwa fupi: nyanya, pilipili, bilinganya na jamaa zao wachache. Mwaka 2010 likapanuliwa likawa kundi la 8-10, na humo zimeandikwa "African eggplant", yaani Solanum macrocarpon, na "scarlet eggplant", yaani Solanum aethiopicum. Hiyo ya pili ndiyo ngogwe yetu ya kawaida. Bamia nayo imo humo, pamoja na rozela. Kwa hiyo lebo mbili za dawa ileile zinaweza kutofautiana: ya zamani inasema kundi la 8 na inakuacha nje, mpya inasema kundi la 8-10 na unaingia bila kuomba ruhusa ya mtu. Ukiona neno bilinganya peke yake, usijipe moyo. Katika orodha ya EPA bilinganya imeandikwa mahali pake na ngogwe mahali pake.

Mboga za majani zina bahati nzuri zaidi. Kundi la 4-16, lililopanuliwa mwaka 2016, lina kundi dogo A, na ukilisoma utadhani limeandikwa na bibi yako. Mchicha umo, ambao Wakongo huuita lenga-lenga. Mgagani umo kwa jina la "cat's whiskers". Mlenda umo kwa jina la "jute leaves". Na hata kishonanguo kimo kwa jina la "blackjack". Mazao yanayowakilisha kundi hilo ni saladi na spinachi, kwa hiyo dawa iliyopimwa kwenye spinachi inaweza kumfikia mwenye mchicha. Majani ya muhogo, yaani kisamvu au sombe, pamoja na matembele, yako kundi la 2, la majani ya mazao ya mizizi. Kundi hilo hupewa dawa chache, na hapo kazi ya kuomba ni kubwa.

Lipo jambo moja kuhusu mchicha ambalo ni lazima ulijue kabla hujafungua mdomo mbele ya afisa. Kwa mkulima mkubwa wa huku, mchicha ni gugu. Ndugu yake wa mwituni, Amaranthus palmeri, ni miongoni mwa magugu yanayowatesa zaidi wakulima wa pamba na soya. Ukisema "amaranth" bila maelezo, msikilizaji anaweza kudhani unatafuta dawa ya kuuua. Sema waziwazi kwamba unaulima kwa kula majani yake, na utaje jina la kisayansi la aina unayopanda.

Chukua simu au kompyuta, tafuta lebo kwa namba ya usajili ya EPA iliyochapishwa kwenye chupa, na usome sehemu ya mazao neno kwa neno. EPA ina hazina ya lebo zote mtandaoni, bila malipo. Jina la biashara likifanana haitoshi, maana kampuni huuza dawa zenye majina yanayokaribiana na lebo tofauti kabisa. Viwango vya mabaki vyenyewe vimeandikwa katika kanuni za shirikisho, kitabu cha 40, sehemu ya 180. Kama kiwango kipo kwa kundi lako lakini lebo haijakutaja, tatizo lako ni dogo: pigia kampuni na uwaombe waongeze zao kwenye lebo. Kama hata kiwango hakipo, endelea kusoma.

Hatua ya pili: mjue adui, na umhesabu

Maombi mengi hufa kwa sababu mkulima anasema "wadudu wanakula mboga" na hana zaidi ya hapo. Peleka mdudu akiwa ndani ya kichupa chenye spiriti, au jani lenye ugonjwa ndani ya karatasi, kwa afisa ugani wa kaunti yako. Kila jimbo lina huduma ya ugani iliyofungamana na chuo kikuu, na vyuo vingi vina maabara ya kutambua wadudu na magonjwa. Utarudi na jina kamili. Bila jina hilo huwezi hata kujua dawa ipi inafaa. Kwa mfano, dawa ya bakteria Bacillus thuringiensis inayouzwa kwa viwavi haifanyi kitu kwa vimende vile vya ngogwe.

Kisha hesabu. Nunua daftari la shule. Kila Jumatatu pitia miche 40 kwa kurukaruka, usichague iliyoharibika tu, na uandike mingapi ina matundu na mingapi imekufa. Andika pia kreti ulizovuna na bei uliyouzia. Tuseme wiki yenye wadudu umepata kreti 4, na kwenye tuta ulilolifunika kwa kitambaa ukapata 9. Kreti moja ni dola 30. Upungufu ni kreti 5, yaani dola 150 kwa wiki, na kwa msimu wa wiki 8 ni dola 1,200. Hesabu hiyo ya daftari la shule ina uzito kuliko kurasa tatu za malalamiko. Mama yule alianza kuandika kwa penseli, kwa Kirundi, na mjukuu wake akaigeuza kuwa jedwali. Maafisa waliisoma bila kuuliza alisoma hadi darasa la ngapi.

Hatua ya tatu: jaribu visivyohitaji kibali kipya

Utaulizwa umejaribu nini, na ni haki kuulizwa. Kitambaa chepesi cha kufunikia tuta tangu siku ya kupandikiza huwazuia vimende vizuri kama kingo zimezikwa udongoni, na hukifunui mpaka maua yaanze. Kubadilisha mahali pa kupanda kila mwaka kunasaidia. Zipo pia dawa za asili zilizokwisha kuruhusiwa kwa mazao mengi, kama spinosad inayotokana na bakteria wa udongoni, na ipo orodha fupi ya viambato vya hatari ndogo sana, kama mafuta ya karafuu na ya kitunguu saumu, ambavyo havihitaji kusajiliwa EPA. Majimbo mengine yana masharti yake, kwa hiyo uliza.

Andika ulichojaribu na matokeo yake. Kama kitambaa kimemaliza tatizo, shukuru Mungu na uishie hapo. Kama kimeshindikana, kwa mfano upepo wa nyanda unakichana au mdudu anatoka ndani ya udongo uliofunikwa, hiyo ndiyo sababu yako ya kuomba.

Hatua ya nne: fungua ombi IR-4

Mtu yeyote anaweza kuwasilisha ombi la mradi kwa IR-4: mkulima, kikundi, afisa ugani, mtafiti. Wasioruhusiwa ni waajiriwa wa kampuni za dawa. Huhitaji kuwa raia. Hutoi ada.

Fomu inataka zao, mdudu au ugonjwa, dawa unayoiomba, kiasi cha kupulizia, mara ngapi, siku ngapi kabla ya kuvuna, na kwa nini dawa zilizopo hazitoshi. Usijaze peke yako. Kila jimbo lina mtu wa kuunganisha wakulima na IR-4, kwa kawaida mtafiti au mwalimu katika chuo kikuu cha kilimo cha jimbo. Muulize afisa ugani wako jina lake, na umwombe mkae pamoja. Yeye ndiye atakayekuambia kama kampuni yenye dawa iko tayari kuiunga mkono. Hili halina njia ya mkato: kampuni ikikataa kuliweka zao kwenye lebo yake, majaribio hayataanza hata wakulima mia moja wakiomba. Afadhali kuuliza mapema kuliko kungoja miaka miwili.

Kuhusu siku za kungoja kabla ya kuvuna, sema ukweli wa zao lako. Mchicha huchumwa kila baada ya siku chache. Dawa inayodai wiki tatu kabla ya kuvuna haikufai, hata ikiua kila mdudu. Mtafiti aliyezoea kabichi hatalijua hilo usipomwambia.

Hatua ya tano: kusanya watu

Maombi ni mengi kuliko fedha. Kila mwaka, kwa kawaida mwezi wa Septemba, IR-4 huitisha warsha ambapo watafiti, maafisa ugani na wawakilishi wa wakulima hupanga yapi yaanze. Yanayopewa daraja A ndiyo yanayoingia shambani mwaka unaofuata. Mengine husubiri, na ombi lisilo na mtu wa kulitetea husubiri tu.

Hapa ndipo umma unapohitajika. Warsha ikitafakari ngogwe, wataangalia ni majimbo mangapi yameomba jambo lilelile. Kikundi cha Boise, kikundi cha Kansas City na kikundi cha Des Moines, miji ya majimbo tofauti, wakiandika kila mmoja kwa jina la zao moja na mdudu mmoja, ombi linaonekana la nchi. Wakiandika wa kwanza "garden egg", wa pili "bitter tomato", wa tatu "intore", yanaonekana maombi matatu ya mtu mmoja mmoja. Kubalianeni jina la kisayansi kwanza, mengine baadaye.

Tafuteni pia waliozoea kusikilizwa. Wahindi na Wavietinamu wa huku hulima bamia na mboga za jamii moja na zetu, na wana shida zilezile. Wenye maduka ya vyakula vya Kiafrika wanajua kreti ngapi wanazihitaji na hawazipati. Barua yao inaonyesha soko lipo. Daktari au mtaalamu wa lishe wa kituo cha wakimbizi anaweza kueleza mboga hizi zina nafasi gani mezani. Mashirika yanayoendesha mashamba ya wakimbizi yana takwimu za ekari na mavuno ambazo mkulima mmoja hana.

Sipendi orodha za sahihi 500 chini ya sentensi moja. Barua 6, kila moja na shamba lake na hesabu yake, zinafanya kazi zaidi.

Hatua ya sita: toa maoni jalada linapofunguliwa

Majaribio yakikamilika, na hilo huchukua miaka kadhaa, IR-4 hupeleka ombi EPA la kuweka kiwango cha mabaki. EPA hutangaza kwenye Federal Register, gazeti rasmi la serikali ya shirikisho, kwamba ombi limepokelewa, na kwa kawaida hutoa siku 30 za maoni. Jalada, yaani faili la wazi la ombi hilo mtandaoni, hupewa namba inayoanza na EPA-HQ-OPP, kisha mwaka, kisha tarakimu nne. Kwenye tovuti ya serikali, regulations.gov, unatafuta namba hiyo, au unaandika IR-4 pamoja na jina la dawa, kisha unabonyeza sehemu ya maoni. Unaweza kutaja jina lako au kutolitaja. Andika kwa Kiingereza, au mpe kijana wako atafsiri.

Maoni si kura. Watu elfu wakisema "tunaiunga mkono" na mmoja akaleta ushahidi, ushahidi ndio utakaojibiwa. Na uelewe sheria mbili zinazoongoza uamuzi. Kwenye kusajili dawa, EPA hupima faida na hasara, kwa hiyo hesabu ya dola 1,200 na kitambaa kilichochanwa na upepo ina nafasi. Kwenye kuweka kiwango cha mabaki katika chakula, sheria ya mwaka 1996 inadai uhakika wa kuridhisha kwamba hakuna madhara, na imeweka ulinzi wa ziada kwa watoto. Hapo hasara ya mkulima haibadilishi kitu. Kinachobadilisha ni taarifa za ulaji.

Na hizo sisi tunazo. EPA hukadiria watu wanakula nini kwa kutumia utafiti wa kitaifa wa ulaji. Nyumba zetu ni chache ndani ya utafiti wa namna hiyo. Mmarekani wa kawaida haujui mchicha, lakini ipo nyumba inayopika lenga-lenga mara 4 kwa wiki, sahani imejaa, mtoto wa miaka miwili akilishwa ugali na mboga hiyo. Liandike hilo. Unaweza kuogopa kwamba kusema tunakula nyingi kutaiangusha dawa tunayoitaka. Mimi nasema liandikwe hata hivyo, kwa sababu kiwango kinachowekwa kwa kudhani hatuli kitakuwa kiwango cha watoto wa wengine, na wanaokula ni wetu.

Huu ni mfano wa barua. Ubadilishe uwe wako:

*"Nalima robo ekari ya mboga katika jimbo hili tangu miaka 9 iliyopita. Naunga mkono ombi la kuweka kiwango cha mabaki cha dawa hii kwa mboga za matunda za kundi la 8-10, kwa sababu nalima Solanum aethiopicum. Mdudu anayeniharibia ni mende anayeruka, aliyetambuliwa na maabara ya chuo. Kati ya miche 40 niliyoipitia wiki ya pili ya Juni, 31 ilikuwa na matundu na 6 ilikufa. Nimetumia kitambaa cha kufunika. Kilisaidia mpaka maua yalipoanza. Nachuma kila baada ya siku 4, kwa hiyo nahitaji dawa yenye siku chache za kungoja. Napulizia kwa bomba la mgongoni, sina trekta. Familia yangu ya watu 7 hula zao hili mara 3 kwa wiki wakati wa msimu, watoto wakiwemo."*

Sentensi ya bomba la mgongoni usiiache. Makadirio ya hatari kwa mpuliziaji hutegemea chombo anachotumia, na mwenye bomba mgongoni yuko karibu na dawa kuliko mwenye kabati la trekta.

Usiweke namba ya simu, anwani ya nyumbani, wala habari za karatasi zako za uhamiaji. Jalada ni la wazi, dunia nzima inalisoma. Wazee wengine wanaogopa kwamba kuandikia serikali kutawaletea shida. Waeleze kwamba jimbo na jina la zao vinatosha, na kwamba kikundi kinaweza kuandika kwa jina la kikundi.

Mlango wa dharura

Kuna mwaka ambao mdudu mpya anaingia na hakuna muda wa kungoja miaka. Wizara ya kilimo ya jimbo inaweza kuiomba EPA ruhusa ya dharura chini ya kifungu cha 18 cha sheria ya dawa. Shabaha ya EPA ni kujibu ndani ya siku 50 hivi, na ruhusa ya kawaida haizidi mwaka mmoja. Mkulima haombi moja kwa moja. Anapeleka hesabu zake kwa jimbo, na jimbo ndilo linaloonyesha kwamba hasara si ya kawaida. Ndiyo maana daftari lianze kabla ya balaa: bila mavuno ya miaka iliyopita huwezi kuonyesha kuwa ya mwaka huu yameporomoka.

Njia nyingine ni kifungu cha 24(c), ambapo jimbo lenyewe husajili matumizi ya ziada kwa hitaji la mahali pale. Kwa zao la chakula ni lazima kiwango cha mabaki kiwe kimekwisha kuwekwa. Inafaa sana pale kiwango kipo lakini lebo haijaandika zao au namna unayoihitaji.

Wakati wa kukataa kuunga mkono

Hili nalisema kwa uzito. Tarehe 6 Agosti 2024 EPA ilisimamisha kwa dharura dawa ya magugu iitwayo DCPA, iliyokuwa ikitumika kwenye brokoli, kabichi na vitunguu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa takriban miaka 40 kuchukua hatua ya namna hiyo. Sababu ilikuwa watoto walio tumboni: mama mjamzito akiguswa na dawa hiyo, hata bila kujua, homoni za tezi ya koo za mtoto zingeweza kuvurugika, na madhara yakadumu maisha yote. Wakulima wa vitunguu waliihitaji kweli, na hitaji lao halikuwa la uongo. Lakini miongoni mwa waliokuwa wakifanya kazi humo walikuwemo wanawake.

Kwenye mashamba yetu wanaopanda, wanaopalilia na wanaochuma ni mama zetu na dada zetu, mara nyingi mtoto akiwa mgongoni. Kabla hujaweka jina lako, soma ukurasa wa tahadhari wa lebo: neno la hatari lililoandikwa juu, nguo za kuvaa, saa za kungoja kabla ya kurudi shambani. Kama hakuna mtu kwenye kikundi atakayevaa kinga hiyo mwezi wa Julai kwenye joto la nyuzi 35, usiombe dawa hiyo. Omba nyingine. IR-4 ina sehemu inayoshughulikia dawa za kibayolojia, na ombi la aina hiyo lina thamani ileile.

Baada ya EPA kukubali

Tangazo la kiwango likitoka kwenye Federal Register, bado hujapata ruhusa ya kupulizia. Ndani ya siku 60 mtu anaweza kuwasilisha pingamizi. Kampuni inapaswa kuwa na lebo mpya iliyokubaliwa na EPA, na jimbo lako liwe limeisajili dawa hiyo. Chupa ya zamani iliyobaki kwenye rafu ya duka inabaki na lebo yake ya zamani. Pigia duka, soma namba, linganisha.

Ukishaipata, fanya mkutano mmoja wa kikundi kabla ya kufungua kifuniko. Isomeni lebo kwa sauti, sentensi kwa sentensi, mmoja akitafsiri. Lebo za Marekani ni za Kiingereza, na Kihispania kinaongezwa hatua kwa hatua, Kiswahili hakimo. Kwa hiyo andikeni tafsiri yenu fupi kwa mkono: zao lipi, kiasi gani kwa galoni ya maji, saa ngapi kabla ya kurudi shambani, siku ngapi kabla ya kuchuma. Tumeibandika yetu ndani ya mlango wa banda, ndani ya mfuko wa plastiki, kwa Kiswahili na Kirundi. Mstari wa kwanza, kwa herufi kubwa za penseli ya mjukuu, umeandikwa: INTORE.